Kifuniko Chenye Alama ya Kijani

Nina vifuniko sita vya birika, na birika lenyewe ni moja. Mgeni akifungua kabati langu hapa mtaani Majimbo, mjini Embu, hudhani mimi ni mtu wa kukusanya vitu vya zamani, au nimeanza kuchanganyikiwa kabla ya wakati. Simwelezi. Kimoja ni cha birika la mama yangu. Vitano nilivinunua ili mtu fulani asivipate. Kulikuwa na cha saba, ambacho nilikiiba nikiwa darasa la tano, na kwa miaka mingi nilikionea fahari kuliko cheti chochote nilichowahi kupewa.

Jumamosi iliyopita Muthoni, binti yangu wa pili, alikaa mlangoni akipaka kucha rangi nyekundu. Harufu ile kali ikanifuata mpaka jikoni nikiwa nakanda unga, nikasimama na mikono ndani ya beseni. Wenzangu wa rika langu waliokulia huko juu kwenye majani chai wataelewa. Kwetu Kianjokoma rangi ya kucha haikuwa ya kucha. Mama yangu hakuwahi kupaka hata kidole kimoja. Kanisa letu halikutaka mambo hayo, na yeye mwenyewe hakuwa na muda nayo. Chupa yake ilikaa juu ya kabati, nyuma ya Biblia, na kazi yake ilikuwa kutia alama vyombo, tone moja chini ya kila kimoja, ili vikienda kwenye sherehe ya watu virudi nyumbani.

Na vyombo vyenyewe ndivyo vilivyoleta haya yote. Mama alikuwa kwenye kikundi cha wanawake kumi na wawili. Walichanga kila mwezi, na kila mwezi mmoja wao akanunuliwa seti ya chai kutoka duka moja la vyombo mjini Embu, seti ileile kwa wote, ili pasiwe na mtu wa kunong'ona kwamba fulani alipewa nzuri kuliko yake. Ilikuwa nyeupe iliyokaribia rangi ya maziwa, ukingo wa kahawia, na ua moja la bluu upande ambao mnywaji haoni ila anayekaa mbele yake. Vikombe kumi na viwili na visahani vyake, birika, jagi la maziwa, bakuli la sukari. Mwaka ulipoisha kila mwanamke alikuwa nayo. Mwaka uliofuata mtu akaenda kutafuta kikombe kimoja kilichovunjika, mwenye duka akamwambia, "Hiyo haiji tena, mama. Wameacha kuitengeneza." Tangu siku hiyo wanawake wale walianza kutembea na vikombe vyao kama watu waliobeba mayai.

Kwa kuwa seti zilikuwa sawa, kila mmoja alijichagulia rangi. Mama yangu alikuwa nyekundu. Mwenyekiti wao, Mama Ireri, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, alikuwa kijani, na sijui aliitoa wapi, maana siku hizo sikuwahi kuona mtu mwenye kucha za kijani. Mama yangu alikuwa mwandishi. Kanuni zote za kikundi aliziandika yeye, kwenye kitabu cha mazoezi chenye jalada la plastiki, kwa mwandiko wake uliolala upande mmoja. Mikutano ilifanywa kwa Kiswahili cha kuchanganya, kwa heshima ya Mama Kinya, aliyeolewa huku kutoka Meru na hakupenda kuambiwa kwamba Kimeru chake ni Kiembu kilichopinda. Kitabu kile nilikibeba mara nyingi kukipeleka kwa mwenyekiti na kukirudisha. Sikukifungua hata siku moja, kwa sababu niliambiwa si cha watoto.

Kanuni moja tu niliijua, kwa sababu niliiona ikitekelezwa. Kinya, binti ya Mama Kinya, rafiki yangu wa kukaa naye dawati moja, alivunja mdomo wa jagi la mtu kwenye mkutano. Mama yangu akasimama akasoma kwamba mtoto atakayeharibu chombo cha mwanachama ataletwa mbele ya wanachama na mwenyekiti atampa viboko viwili vya mkononi. Mama Ireri akampa viwili, si vya utani. Kinya hakutoa hata chozi. Mimi ndiye niliyelia, nikajificha nyuma ya sketi ya mama, na kwa wiki nzima nilikataa kugusa chombo chochote cha udongo.

Basi binti mkubwa wa Mama Ireri akaletewa ruracio. Wageni wa mahari walikuwa wengi, na seti zote kumi na mbili zikapelekwa kwake kwa makaratasi na magunia. Sisi wasichana tuliwekwa nyuma ya nyumba kwenye mabeseni, tuoshe vikombe vya duru ya kwanza ili duru ya pili ipate. Kwa mara ya kwanza tangu Kinya achapwe nilikubali kuosha, na nilikuwa na mpango wangu. Niligeuza vikombe nikatafuta vyekundu, nikavitenga, nikaapa kwamba vya mama yangu ndivyo vitakavyong'aa kuliko vya wote. Mama Kinya alikuwa ameacha kipande cha stili wuli cha kusugulia sufuria. Nilikichukua. Nilisugua doa la chai, nikasugua masizi ya meza ya jikoni, nikasugua ndani na nje na kila mahali, mpaka vikombe vikapiga kelele mkononi. Nilikuwa nimemaliza cha nne Mama Kinya akanirukia.

"Hiyo ni ya sufuria, wewe! Wacha hiyo kitu, kuja ukule."

Mama Ireri akapita na sinia, akaviona vikombe vyangu vinne pembeni vikimeta juani. "Mtoto wa mwandishi ana mikono," akasema kwa sauti, watu wakasikia. Nilikula wali siku hiyo nikiwa na furaha kubwa sana. Nawaambia hili ili mjue kwamba kabla ya kumchukia yule mama nilimpenda, na hiyo ndiyo chuki inayodumu.

Vyombo vyetu vililetwa jioni kwa wilbaro, jua halijazama. Mama alivigeuza kimoja kimoja pale barazani. Visahani kumi na viwili. Birika na kifuniko chake. Jagi. Bakuli. Vikombe vinane. Akahesabu tena, vinane. Aliweka maji ya moto kwenye karai, akaniita ninawe, na aliponishika mikono akaigeuza viganja chini akaiangalia muda mrefu. Chini ya kucha zangu kulikuwa na vumbi jekundu.

Niliruka kujitetea. "Mami, sijagusa chupa yako! Haki sijagusa!"

"Najua," akasema.

Akaniosha vidole kimoja kimoja, polepole, kwa ncha ya kitambaa. Nikafurahi kwamba nimeaminiwa.

"Nani amechukua vikombe vyetu?" nikauliza.

"Wacha. Vitapatikana."

Baada ya wiki mbili nilitumwa kwa Mama Ireri na kitabu. Alikuwa ameanika vyombo kwenye uchaga nje, vikombe vimepinduliwa vikauke. Kijani, kijani, kijani, nikavifuata kwa macho mpaka mwisho, na mwishoni kulikuwa na vinne vitupu. Nilisogea karibu. Matako ya vikombe vile yalikuwa na mikwaruzo myembamba, mingi, ya mtu aliyefanya kazi kwa bidii. Nilimwona kwa akili yangu amekaa kitako jikoni kwake na kisu, akikwangua jina la mama yangu. Nilikimbia njia nzima, nikavuka kijito bila kutazama mawe.

"Mami, ni yeye! Ameviparura! Vinne, nimeviona!"

Mama alikuwa akimenya viazi. Kisu kikasimama. "Umemwambia mtu?"

"Hapana."

"Basi usimwambie mtu. Na hilo neno usilirudie tena, umesikia?"

Nilisikia, na nikaelewa kwa namna yangu: mama yangu anamwogopa mwenyekiti. Mtoto akishajua kwamba mzazi wake anaogopa mtu, hulala na kuamka na jambo hilo. Nilianza kumwangalia Mama Ireri kanisani, akiimba na macho yamefumbwa, nikamwomba Mungu ampunguzie kitu. Sikumwambia Mungu kitu gani. Nilimwachia achague.

Halafu zamu ya mama kukaribisha kikundi ikafika. Desturi ilikuwa kwamba mwenyeji huwapa chai wanachama wote kwa seti ya kikundi. Mama alipika chapati tangu alfajiri, akafua vitambaa vya makochi, akapanga vikombe vyake vinane mezani, kisha akaenda jikoni akarudi na vikombe vinne vya plastiki vya njano, vile tulivyonywea uji. Kimoja akakiweka mbele yake mwenyewe. Kimoja akampa Mama Kinya, na viwili akawapa wanawake wapole ambao hawakuwahi kuuliza swali. Mama Ireri alipata cha udongo. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni na sahani ya chapati.

Maombi yalipokwisha Mama Ireri hakuinua kikombe chake. "Mwandishi," akasema, "kikundi kilikupa kumi na mbili."

"Ni kweli, mwenyekiti."

"Naona nane. Hizo zingine zimeenda wapi?"

"Zimepungua."

"Zimepunguaje?"

Mama alinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo. "Zimepungua tu."

"Kama uko na neno, sema hapa. Tuko sote."

"Sina neno, mwenyekiti."

Mwizi ana vikombe vinne kabatini mwake, na anauliza viko wapi! Anauliza mbele ya watu, na anamwambia mwenye mali aseme! Nilimngoja mama aseme. Alichukua kikombe chake cha njano, ambacho chai ya moto ilikuwa imekilegeza mpaka akakishika kwa mikono miwili, akapuliza, akanywa. Hakuna aliyemtazama. Mwanamke mmoja akasifu chapati, na mkutano ukaendelea.

Baada ya hapo mama aliomba arukwe zamu. Aliomba tena mwaka uliofuata. Kisha akakirudisha kitabu, akasema majani chai yamekuwa mengi hana nafasi, na kikundi kikampata mwandishi mwingine ambaye mwandiko wake ulikuwa wa kuku. Alhamisi moja ya kila mwezi, siku pekee ambayo mama yangu alivaa viatu vizuri bila kwenda kanisani, ikawa siku ya kawaida ya kuchuma. Nilimwona akiwa katikati ya mistari ya chai, kikapu mgongoni, wanawake wakipita barabarani na vitambaa vyao vya kichwa vya rangi, na yeye akijifanya hajawaona. Hilo ndilo Mama Ireri alilotuibia. Vikombe ningemsamehe.

Sikungoja Mungu. Siku moja nilipitia kwake kuazima ungo, nikakuta uchaga umejaa na yeye yuko kwa ng'ombe. Birika lake lilikuwa limelazwa, kifuniko kiko pembeni, na ndani yake kuna tone la kijani. Kilikuwa kidogo kuliko kiganja changu. Nilikitia chini ya sweta, nikachukua ungo, nikaita kwaheri ya adabu kuelekea zizini, nikaondoka natembea. Nilijivunia hasa hiyo sehemu ya kutembea.

Kikombe kikipungua mtu hunywea kingine. Birika bila kifuniko ni aibu ya kila siku. Mama Ireri alianza kulifunika kwa kisahani, na kila nilipotumwa kwake nilihakikisha nimekiona kisahani kile kimekaa juu, kimepotoka kidogo, kama kofia ya mlevi. Mara moja nilikuwepo mchungaji alipomtembelea. Aliinamisha birika kumimina, kisahani kikateleza, chai ikammwagikia mchungaji kwenye suruali, na mtumishi wa Mungu akaruka akataja jina la Bwana kwa namna isiyo ya maombi. Nilitoka nje nikacheka mpaka nikashika mti. Nimefurahi mara nyingi maishani, nimeolewa, nimezaa, lakini furaha iliyonyooka kama ile sijaipata tena.

Nilipokua nikawa mwalimu, nikapata shule hapa mjini, na nikaanza kuvitafuta vikombe vya mama. Kila aliyekuwa na seti ile alikuwa amezeeka au amekufa, na watoto wao walikuwa wakivitupa. Siku ya soko nilikwenda Ishiara, kwenye joto lile, kwa mama mmoja aliyetandaza vyombo vikuukuu chini ya turubai. Nilipata kikombe kimoja kwake, kingine Kianjokoma kwenyewe kwa muuza mitumba, na cha tatu Meru mjini, nikiwa nimeenda semina ya walimu, kwenye dirisha la hoteli kikiwa kimepandwa maua. Nilimwaga udongo wa mwenye hoteli mbele yake nikamlipa.

Nilimpelekea mama vile vitatu. Alivigeuza akatazama matako yake, akanishukuru, akaviweka kwenye katoni chini ya kitanda. "Ni vizuri," akasema, "lakini si vile." Nilikasirika. Nilidhani ni uzee.

Na katika kuzunguka huko niliviona vifuniko pia. Mama Ireri alikuwa bado anatafuta. Alimwagiza kila aliyesafiri, na Krismasi moja, nje ya kanisa, akaniagiza hata mimi. Alikuwa ameanza kutembea na fimbo.

"Wawira mwalimu, wewe unapitanga maduka ya Embu. Niangalizie kifuniko ya birika yangu. Nimetafuta nimechoka."

"Nitaangalia, mama," nikasema, nikamshika mkono kwa heshima zote.

Niliangalia kweli. Kila kifuniko nilichokiona nilikinunua, nikakipeleka Majimbo, nikakifungia. Hata birika lenye ufa nilinunua kwa ajili ya kifuniko, nikalitupa lenyewe. Nilitaka afe akifunika chai kwa kisahani. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyotaka.

Mama yangu akatangulia kufa.

Wiki moja baada ya mazishi nilikuwa Kianjokoma na Muthoni, tukipanga nguo za marehemu, nilipowaona wawili wakivuka kijito polepole: Mama Ireri na fimbo yake, na Mama Kinya akimshika kiwiko kwa mkono mmoja na kiondo kwa mwingine. Katika wale kumi na wawili walikuwa wamebaki hao tu. Nilijua wanakuja kuomboleza na chai, na nilijua nitafanya nini. Nilikuwa nimelingoja jambo hilo tangu darasa la tano. Niliweka kitambaa mezani. Nikapanga vikombe vya mama vyenye alama nyekundu. Halafu nikatoa kikombe cha mwisho cha njano kilichobaki nyumba ile, kilichofifia, chenye alama za meno ya watoto ukingoni, nikakiweka mahali pa kuketi Mama Ireri.

Alikaa. Alikitazama. Na mimi nikaonja utamu wake.

Mama Kinya akafungua kiondo akatoa birika lenye alama ya kijani, kisahani kimefungwa juu kwa ukanda wa mpira wa tyubu. "Amekataa thamosi," akaniambia. "Amesema mwandishi hawezi kuagwa na thamosi."

Kisha Mama Ireri akatoa mwenyewe vitu vinne vilivyofungwa kwa gazeti, akavifungua kimoja kimoja akavipanga mbele yangu. Havikuwa na alama.

"Hizi ni za mama yako," akasema. "Kikundi imeisha. Siwezi kufa nazo."

"Najua ni za mama." Sauti yangu ilitoka juu kuliko nilivyotaka; Muthoni akainua kichwa. "Nilijua nikiwa mtoto. Niliona ulivyoviparura alama. Umemfanya mama yangu anywe chai kwa plastiki mbele ya watu, na ulikuwa navyo nyumbani kwako!"

Wazee wale wakatazamana. "Mimi?" Mama Ireri akauliza. "Mimi nikaparura na nini?"

Ni Mama Kinya aliyejibu, na hakunijibu kwa ubaya. "Wawira," akasema, "si ni wewe nilikunyang'anya stili wuli?"

Niliitazama mikono yangu, nikaiona midogo, imegeuzwa viganja chini juu ya karai, na vumbi jekundu chini ya kucha. *Najua*, mama alisema. Alijua kweli.

Mama Ireri alikuwa tayari ametoa kitabu. Jalada la plastiki lilikuwa limekuwa la njano. Alinisogezea, kidole kikiwa kwenye mstari, na kwa mara ya kwanza nikausoma mwandiko ule uliolala: kikombe kitakachopatikana bila alama ni cha kikundi na kitakaa kwa mwenyekiti, mpaka mwenyewe asimame mbele ya wanachama aseme alama ilitokaje. Mstari uliofuata ulikuwa ule wa viboko.

"Nilijua ni zake," Mama Ireri akasema. "Nani hakujua? Nilimuuliza pale kwake, nikamwambia sema, tuko sote. Angesema, angezibeba siku hiyo hiyo."

"Na mimi?"

"Wewe ningekuchapa. Mbili. Mtoto wa Mama Kinya nilichapa, na ni mama yako alisoma. Angekuruka aje wewe?" Akavuta pumzi. "Alikuwa amekuona vile ulilia siku ya Kinya. Akaona heri anywe na plastiki. Nilimkasirikia sana. Kanuni aandike yeye, halafu anikalie kimya!"

Nilitaka kumwambia kwamba angeweza kuvirudisha tu, kisirisiri, kwa kiondo, bila kanuni. Nilitaka bado awe na kosa, na alikuwa nalo, kidogo. Lakini hasira yangu ilikuwa imejengwa kwa ukubwa wa nyumba nzima, na huyu mzee hakuweza kuijaza hata chumba kimoja. Nilinyanyuka nikaenda chumbani kwangu kwa zamani, nikafungua sanduku la bati la sekondari, nikachimbua chini ya madaftari. Nilikuwa nimekiacha kifuniko kile cha kijani bila kukifunga kwa kitu, nakumbuka, kimetupwa kona ya sanduku. Nilikikuta kimeoshwa na kufungwa kwa leso ya mama, fundo zuri, lile alilofunga hela za sadaka. Sijui alikiona lini. Najua tu kwamba kila Krismasi alikwenda kwa Mama Ireri kama majirani wengine, akamiminiwa chai kutoka birika la kisahani, akashukuru, na mwandishi wa kanuni hakusema neno.

Nilikiweka mezani. Mama Ireri hakukigusa mara moja. Kisha akakipindua, akaona tone la kijani, akalisugua kwa dole gumba. Nilingoja aulize. Nilikuwa nimetayarisha kila jibu.

"Mhm," akasema.

Alifungua ukanda wa tyubu, akaondoa kisahani, akaweka kifuniko mahali pake. Kikaingia. Akainamisha birika, na hakuna kilichoteleza. Alimmiminia Mama Kinya kwenye kimoja cha vile vinne. Akammiminia Muthoni, akimwita kwa jina lake, ambalo ndilo jina la mama yangu. Akajimiminia mwenyewe. Halafu akachukua kile kikombe cha njano nilichomwekea, akakijaza, akakisukuma kwa vidole viwili juu ya kitambaa mpaka kikafika mbele yangu.

"Na wewe, mwalimu. Kunywa."

Plastiki ililegea kwa moto. Nilikishika kwa mikono miwili, nikapuliza, nikanywa mpaka mwisho wao wakinitazama.

"Nikuongeze?" akauliza.

"Niongeze, mama."

Akaniongeza kwenye kilekile.